HODI KATIKA NCHI ZA WATU: Habari za Viza na Vibali vya Ukaazi

Watu wa Igogo na wa kandokando ya Ziwa Victoria siku hizi husafiri mbali kuliko baba zao. Zamani aliyetoka hapa alikwenda Bukoba au Musoma kwa meli, pengine akafika Kisumu kwa biashara, kisha akarudi na nguo na habari. Leo yuko apelekaye dagaa Kongo, yuko mwenye mtoto asomaye Ujerumani, na yuko binti aliyeahidiwa kazi ya nyumbani huko Maskati. Safari zote hizo zina jambo moja ndani yake, nalo ni ruhusa. Wengi hupoteza fedha zao katika kuitafuta ruhusa hiyo, na wengine hupoteza hata uhuru wao, si kwa uovu bali kwa kutokujua. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu namna inavyoombwa, na maana ya kila karatasi inayohusika nayo.

Kwanza tufahamu maneno. Pasipoti ni hati ya serikali yetu, nayo yasema: huyu ni mtu wetu, twamjua, na akirudi tutampokea. Viza ni hati ya serikali ya nchi nyingine, nayo yasema: tumeisikia hodi yake, na aje mlangoni. Kibali cha ukaazi ni hati ya tatu, nayo yasema: huyu amepewa nafasi ya kukaa ndani, kwa shughuli fulani na kwa muda fulani. Watu huchanganya hati hizi, hasa ya pili na ya tatu, na mchanganyiko huo ndio mzizi wa taabu nyingi.

Mtu akipiga hodi kwa jirani, akajibiwa "Karibu", hajawa mwenye nyumba. Amepewa ruhusa ya kuvuka kizingiti, aketi, aseme haja yake. Viza ni jibu la namna hiyo, tena si jibu kamili. Afisa wa mpakani au wa uwanja wa ndege anayo haki ya kumwuliza tena mgeni mwenye viza: waenda wapi, utakaa kwa nani, utakula nini, utarudi lini? Majibu yakipingana na yale aliyoyaandika alipoomba, aweza kurudishwa papo hapo kwa ndege ile ile. Kwa hiyo asidhani mtu ya kuwa akishabandikiwa viza katika pasipoti yake, mambo yamekwisha. Karatasi alizozitumia kuombea azichukue mkononi, asizitie katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi zenye sheria za uhamiaji mambo ni kinyume kabisa. Mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi akishika jembe, hata akiombwa na mwenyeji wake kwa upole, amevunja sheria. Na mwenyeji naye amevunja. Jembe huko lina karatasi yake. Anayetaka kufanya kazi huomba ruhusa ya kazi, anayetaka kusoma huomba ya masomo, anayemfuata mumewe au mkewe huomba ya jamaa, na mara nyingi kila moja yataka kuombwa kabla mtu hajatoka kwao. Kuingia kwa hati moja ukakusudia shughuli nyingine ni jambo ambalo maafisa wamelizoea sana, nao hulitafuta katika kila neno la mwombaji.

Pengine msomaji atauliza, mambo haya yalianza lini, maana babu zake walivuka ziwa bila karatasi? Swali hilo ni la haki. Mpaka wetu na Uganda ndani ya ziwa ni mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, nao uliwekwa katika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890, yaliyofanywa Ulaya na watu ambao hawakuliona ziwa lenyewe. Mstari huo hauna jiwe wala ukuta majini. Wapita zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya Igogo, na mvuvi aliyefuata samaki usiku aweza kuuvuka asijue, hata akutane na doria ya upande wa pili. Nchi kavu mstari huo huo wapita Mutukula, na hapo ndipo mabasi ya Kampala yasimamapo.

Pasipoti kwa namna tuijuavyo leo ilienea duniani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Wakati wa vita serikali za Ulaya zilianza kuwachunguza wasafiri wote kwa hofu ya wapelelezi, na vita vilipokwisha desturi ile ikabaki. Mwaka 1920 mataifa yalikutana Paris, yakapatana juu ya umbo la pasipoti, ili kitabu cha nchi moja kiweze kusomwa na afisa wa nchi nyingine. Wengi walidhani ni jambo la muda tu.

Huku kwetu, Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 mpaka wa zamani ukawa mpaka wa dola. Mwaka 1967 nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zikaunda Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena mpaka Novemba 1983. Wako wazee katika mkoa wa Mara wanaokumbuka miaka ile, jinsi mtu alivyokuwa na shangazi yake ng'ambo ya mpaka asiweze kwenda kumzika. Tumelitaja jambo hili kwa sababu vijana huona wepesi wa sasa kuwa ni kitu cha siku zote, nao sicho.

Jumuiya mpya ilitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Baadaye yakafuata mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na hayo ndiyo yanayomgusa mtu wa Igogo kuliko viza zote za Ulaya. Kwa mapatano hayo raia wa nchi mwanachama aingiaye nchi nyingine ya Jumuiya hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita bila ya kulipa. Tuseme mama mchuuzi wa samaki anataka kwenda Kampala kumwuguza dada yake. Hahitaji viza. Ahitaji hati ya kusafiria, yaani pasipoti au ile hati ya dharura ya safari itolewayo na Uhamiaji kwa safari za jirani. Tena ahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda hukitaka. Chanjo hiyo ichomwe siku kumi kabla ya safari, kwa kuwa cheti hakihesabiki kabla ya siku hizo kutimia. Lakini ikishachomwa, tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa yatosha kwa maisha yote. Asikubali kuambiwa ya kuwa cheti chake cha zamani kimekufa.

Hapa pana kosa moja ambalo watu wetu hulifanya sana. Wamesikia ya kwamba Waganda, Wakenya na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho tu. Ni kweli, nchi hizo tatu zilipatana hivyo tangu mwaka 2014. Lakini Tanzania haikuingia katika mapatano yale. Basi Mtanzania aliyefika Sirari au Mutukula na kitambulisho cha taifa peke yake asimlaumu afisa.

Mpaka ukishavukwa, afisa huandika siku alizompa msafiri. Siku hizo zisomwe pale pale dirishani. Mara nyingine mtu huambiwa miezi sita kwa mdomo na muhuri ukaandikwa siku chache, na atakayeulizwa baadaye ni mwenye pasipoti, si mpiga muhuri. Wala pasi ile si ruhusa ya kuajiriwa. Mtu wa Jumuiya aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine mwanachama hupewa siku 15 za kazi, tangu mkataba ulipofanywa, kupeleka maombi ya kibali cha kazi. Nao wahusika wapaswa kumjibu katika siku 30. Hayo ndiyo maneno ya mapatano. Katika kuyatimiza kila nchi ina ada zake na orodha yake ya kazi zilizofunguliwa, na hazilingani, kwa hiyo ni lazima kuuliza kwanza. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, lakini mwanachama mpya hazibadili sheria zake zote kwa siku moja. Mfanya biashara wa dagaa aulize Uhamiaji wa Mwanza au ubalozi wao kabla ya kukodi lori.

Sasa tuje kwenye pasipoti yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukwama kabla hata ya kupiga hodi. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na ada yake ikawekwa kuwa Sh. 150,000/-. Maombi yake hujazwa kwa intaneti, kisha mwombaji hufika mwenyewe ofisini kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hutakiwa kitambulisho au namba ya taifa, cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa uraia wa mzazi, na karatasi zionyeshazo sababu ya safari.

Haya yaonekana mepesi, lakini kwa watu wa Usukumani yana mtego ndani yake, na mtego huo ni jina. Jina la Kisukuma lina sauti ambazo makarani wengi hawakuzijua. Mtoto huitwa Ng'wandu nyumbani. Mwalimu wa shule akaandika Mwandu. Karani wa kitambulisho akaandika Ngwandu. Na cheti cha ubatizo kina jina la kizungu lililotangulia, ambalo halimo penginepo. Hapa Igogo kila mtu ajua ya kuwa hao wote ni mtu mmoja. Karani wa ubalozi akizitazama karatasi zile aona watu watatu. Hali kadhalika tarehe ya kuzaliwa: mzazi alisema mwaka wa mafuriko, mwalimu akakisia mwaka, na kitambulisho kikapewa tarehe 1 Januari au 1 Julai kwa kuwa hakuna aliyejua siku.

Shauri letu ni hili. Kabla ya kutia shilingi moja katika ada ya viza, mtu atandaze karatasi zake zote juu ya meza: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, kitabu cha benki. Asome herufi kwa herufi. Akiona tofauti, atafute msaada wa wakili apate hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina iliyoandikishwa serikalini ikiwa tofauti ni kubwa, kisha asahihishe vyeti vinavyosahihishika. Kazi hii huchukua majuma na pengine miezi. Asiye na cheti cha kuzaliwa aweza kukiomba kwa RITA ingawa ni mtu mzima, lakini naye asingoje hata barua ya chuo ifike. Tumewaona vijana wenye akili njema waliopata nafasi za masomo zikawaponyoka kwa ajili ya herufi mbili.

Pasipoti ikiisha kupatikana, itazamwe tarehe ya mwisho wake. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia, na kurasa tupu za kubandika.

Kwa nchi zilizo nje ya jirani zetu, kila serikali ina desturi yake, lakini maswali yao yote hurudi katika matatu: wewe ni nani, utaishi kwa fedha gani, na kwa nini tuamini kuwa utarudi kwenu? Swali la kwanza tumelieleza. La pili na la tatu yawaumiza sana watu wa biashara ndogo, nasi twataka kukaa hapo kidogo.

Mfanya biashara wa samaki aweza kuwa na mali nyingi kuliko karani wa ofisi, lakini mali yake iko katika boti, nyavu, madeni ya wateja na fedha iliyo mfukoni. Vitu hivyo havisemi mbele ya ubalozi. Karani mwenye mshahara mdogo ana barua ya mwajiri na taarifa ya benki ionyeshayo mshahara kila mwezi, naye husikilizwa. Hilo si dharau kwa mvuvi; afisa aliye Dar es Salaam hawezi kuja Igogo kuhesabu nyavu. Basi yampasa mfanya biashara aitie fedha yake katika karatasi: leseni ya biashara, hati ya mlipa kodi, hati ya umiliki wa boti au nyumba, na akaunti ya benki ipitishayo mauzo yake kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba. Wengine hufanya hila ya kuazima milioni kadhaa kwa ndugu au kwa wenzao wa kikoba, wakazitia benki juma moja kabla ya kuomba, wakazitoa baadaye. Afisa huiona hila hiyo mara moja, kwa kuwa akaunti iliyokuwa kavu mwaka mzima ghafula imefurika. Waingereza, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha zilizolala benki siku 28 mfululizo, na maana yake ni hiyo hiyo.

Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen, ambazo sasa ni 29, zina viza moja ya matembezi. Mwenye nayo hukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote pamoja, si kila nchi peke yake. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hayapokewi mapema kupita miezi sita kabla ya safari, wala yasipelekwe siku zikiwa zimebaki chini ya 15. Mwombaji apeleke maombi kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Wengine husikia ya kuwa ubalozi fulani ni mwepesi, wakaomba huko hali safari yao ni ya kwingine. Hilo laweza kumnyima mtu viza, au kumfanya arudishwe.

Marekani ina sheria ya mwaka 1952 ambayo ni vema kila mwombaji aijue. Sheria hiyo yamhesabu kila aombaye viza ya matembezi kuwa ni mtu akusudiaye kuhamia, hata athibitishe kinyume chake. Yaani afisa haanzi katikati. Aanza upande wa pili, na ni kazi ya mwombaji kumvuta. Ndiyo sababu mahojiano yao huwa mafupi. Asiyeweza kueleza kwa maneno machache ana nini nyumbani cha kumrudisha, kama jamaa, kazi, shamba au shule ya watoto, huondoka bila viza na ada yake hairudishwi. Tena masharti hubadilika: Agosti 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya dola 5,000 hata 15,000 kwa waombaji wa baadhi ya nchi, nayo ikaanza na majirani zetu wa Malawi na Zambia. Kwa hiyo mtu asitegemee habari za jirani aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Katika kujaza fomu, uongo ni hasara kuliko kukosa. Mtu aliyekataliwa kwa upungufu wa karatasi aweza kuomba tena hata mwezi ujao. Aliyekamatwa kwa barua ya kughushi au kwa kuficha kuwa alikataliwa zamani aweza kufungiwa mlango miaka mingi. Uingereza humzuia miaka 10 aliyetumia udanganyifu katika maombi yake. Nao huulizana wao kwa wao. Wala neno "nilijaziwa na mtu" halipokelewi, maana sahihi iliyo chini ni ya mwombaji.

Tumefika sasa kwenye kibali cha ukaazi, ambacho wengi hukisahau kwa furaha ya kufika. Tutwae mfano wa mwanafunzi aendaye Ujerumani. Huomba viza ya masomo kwao kabla ya kuondoka, akaonyesha fedha ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, naye huruhusiwa kutoa sehemu tu kila mwezi. Akifika yampasa kujiandikisha mahali anapokaa katika majuma mawili, kisha aende ofisi ya wageni ya mji ule kuomba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Viza imemfikisha, kibali ndicho kitakachomkalisha. Aendaye Uingereza kwa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania hupimwa kifua kikuu kwanza na kuonyesha cheti. Na siku hizi kibali chake hakimo tena katika kadi, bali kimo katika daftari la kielektroniki, hata imempasa ayatunze maneno ya siri ya kulifungulia kama atunzavyo pasipoti.

Kibali kina sababu yake, na sababu ikifa nacho hulegea. Aliyepewa kwa masomo akaacha shule, aliyepewa kwa kazi akafukuzwa, aliyepewa kwa ndoa akaachana na mwenzake, wote yawapasa kwenda ofisini kueleza na kuomba upya, wasinyamaze. Kunyamaza huonekana kuwa salama kwa miezi michache. Baadaye mtu huwa hawezi kukodi nyumba, hawezi kulalamika akidhulumiwa mshahara, wala hawezi kurudi nyumbani kumzika mzazi kwa kuwa akitoka hataingia tena. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, aliyezidisha siku zaidi ya 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka mitatu, na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi hufungiwa miaka kumi.

Wengine huogopa ya kuwa kibali cha ukaazi kitawanyang'anya Utanzania wao. Sivyo. Mtu aweza kukaa ugenini kwa kibali miaka thelathini akabaki raia wetu. Kinachomwondoa ni kuchukua uraia wa nchi nyingine, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Habari za Oman twazieleza kwa uzito, kwa kuwa mabinti wengi wa bara na wa visiwani huenda huko. Uhusiano wetu na Maskati ni wa kale, na wako wengi huko wasemao Kiswahili; jambo hilo huwafanya watu waone kama wanakwenda kwa jamaa. Lakini viza ya kazi ya nyumbani huombwa na mwajiri, na ukaazi wa mfanya kazi umefungwa katika jina la mwajiri yule. Akimtoroka bila ya taratibu, hata kwa sababu ya kupigwa, aweza kuhesabiwa kuwa mkosaji. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanya kazi wa nyumbani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza habari za walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, na walionyimwa mishahara. Serikali ya Oman ilitoa waraka mwaka 2006 wa kuwakataza waajiri kushika pasipoti za wafanya kazi wao, na tangu Januari 2021 mfanya kazi aliyemaliza mkataba aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya barua ya mwajiri wa kwanza. Hizo ni haki za kujua kabla ya kupanda ndege. Binti asiondoke bila mkataba alioufahamu, wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya mapumziko, uliopitia katika ofisi za serikali zinazohusika na kazi. Akipewa viza ya matembezi na kuambiwa "tutaibadilisha huko", asiende. Hilo twalisema bila kusita.

Na ni nani asemaye maneno hayo? Dalali. Hatusemi kila wakala ni mwizi. Wako wenye leseni wafanyao kazi njema. Lakini dalali wa viza ana alama zake. Hutaka fedha taslimu bila stakabadhi. Husema ana ndugu ndani ya ubalozi. Huahidi viza kwa hakika, jambo ambalo hata balozi mwenyewe hawezi kukuahidi kabla maombi hayajasomwa. Hutaka kukaa na pasipoti yako. Hukuharakisha, akisema nafasi ni mbili tu na kesho zitakwisha, mpaka mtu auze injini ya boti kwa bei ya kutupa. Mwenye shaka apande daladala aende ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa hapa Mwanza, aulize. Kuuliza hakuna ada.

Mtu akikataliwa, asichane barua. Nchi za Schengen hulazimika kumwandikia sababu na kumjulisha haki yake ya kukata rufani, na siku za rufani ni chache. Sababu nyingi zatengenezeka: bima ilikuwa fupi, mwenyeji hakuthibitisha mahali pa kulala, fedha hazikueleweka zilikotoka. Kuomba tena kwa karatasi zile zile ni kulipa ada ya pili ili kusomewa jibu la kwanza.

Lililobaki ni la wanaobaki nyumbani. Kabla ya kuondoka, msafiri atoe nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, ya viza, ya mkataba wa kazi au barua ya chuo, na karatasi yenye anwani ya mahali atakapokaa na simu ya ubalozi wa Tanzania katika nchi ile. Nakala moja aikabidhi kwa mtu wa nyumbani ajuaye kusoma, mwenye simu isiyobadilishwa mara kwa mara. Pasipoti ikipotea ugenini, au simu ya msafiri ikinyamaza majuma mawili, karatasi hizo ndizo atakazozipeleka ndugu yake katika ofisi ya Uhamiaji au Wizara ya Mambo ya Nje, ili ubalozi ujue ni nani wa kumtafuta, na katika nyumba gani.